Telefoni ya baba, redio ya nyumba

Pita sokoni Kamituga, simama mbele ya meza ya muuzaji wa telefoni. Utamsikia akisema: "Iyi njo kila kitu! Iko na tochi, iko na redio, iko na saa, iko na mashini ya kuhesabia. Hata feza unaweka mu ndani!"

Hasemi uongo. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa telefoni ndogo iitwayo 1100, yenye tochi kichwani. Iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na wengi waliipenda kwa sababu ya ile tochi. Mwaka 2012 M-Pesa ikaanza katika nchi yetu, na telefoni ikawa pia mfuko wa pesa. Leo watu wanauliza: kama kifaa kimoja kinafanya yote, redio na tochi ni za nini tena? Tuviuze?

Ngoja kwanza. Tuhesabu pamoja.

NANI ANABAKI NA NINI?

Tuseme baba mmoja mchimbaji ameuza redio, tochi na saa ya ukutani, akaongeza pesa, akanunua telefoni kubwa. Jirani wanamsifu. Jioni anaitia mfukoni, anakwenda kufanya kazi ya usiku shimoni.

Usiku huo mtoto anapata homa. Mama amepewa dawa ya malaria: dozi ya pili inatolewa masaa 8 baada ya ile ya kwanza. Giza limejaa.

"Mama, tochi iko wapi?"

"Iko mu mfuko ya baba."

"Na saa?"

"Iko mu mfuko ya baba."

Umeona, ndugu msomaji? Baba hakununua vitu vinne kwa bei ya kimoja. Alichukua vitu vya nyumba nzima, akavifanya vitu vya mtu mmoja. Zamani tochi iliweza kwenda chooni na bibi, redio ikabaki jikoni na mama, saa ikakaa ukutani kwa ajili ya watoto wa shule. Sasa vyote vinatembea na mguu mmoja. Tena vina namba ya siri.

NA SHIMONI JE?

Huko ndani mchimbaji anahitaji mikono yote miwili: ya kushika kamba, ya kushika ukuta, ya kumvuta mwenzake. Tochi ya kufunga kichwani inamwachia mikono yake. Telefoni inamnyang'anya mmoja. Chini ya ardhi mtandao haufiki, kwa hiyo ile telefoni ya bei kubwa imegeuka tochi tu, tena tochi inayoogopa maji na matope. Ikimwaga moto wake wote humo, akitoka juu hana hata wa kupiga simu nyumbani kusema, "Nimetoka, niko muzima." Mama anayengojea mlangoni, hasa siku za mvua, anajua uzito wa maneno hayo matatu.

KIMOJA KIKIFA

Wazee waliofanya kazi SOMINKI wanakumbuka redio-kaseti. Nayo ilikuwa vitu viwili katika kimoja. Lakini mkanda wa kaseti ukichoka, redio iliendelea kusema. Umeme ukikatika, ulitia mawe. Sehemu moja haikuiua nyingine. Telefoni siyo hivyo: betri ikiisha, vyote vimezimika saa ileile. Kioo kikivunjika, hata namba ya kaka yako aliye Bukavu huijui tena, maana siku hizi hakuna anayeishika kichwani. Ndiyo maana wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu ameshika kumi!

Kumbuka pia baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018: intaneti ilikatwa nchini karibu wiki tatu. WhatsApp ikanyamaza kila mahali. Mwenye redio ndogo ya mawe alizungusha kisahani chake akatafuta habari, bila unite, bila mega.

TELEFONI NAYO INA HAKI YAKE

Tusiidharau. Kutoka hapa hadi Bukavu ni karibu kilometa 180, na barabara tunaijua. Baba anayemtumia mtoto minervali kwa telefoni hawezi kuporwa pesa hiyo njiani. Telefoni ikipotea, pesa haijapotea pamoja nayo: unakwenda kwa wenye mtandao na kitambulisho chako, unarudishiwa namba yako. Hapo redio na tochi haziwezi kushindana. Mtu wa safari pia, mwenye mfuko mmoja tu, anafanya vizuri kubeba kifaa kimoja cha yote.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kifaa cha yote kinamfaa mtu anayetembea, nyumba inafaa kuwa na vyake. Nunua telefoni ukiweza. Lakini kabla ya kuuza kitu cha nyumbani, hakikisha taa moja, saa moja na redio moja vinabaki chini ya dari, vya kila mtu, visivyo na namba ya siri. Na daftari la senti chache, lenye namba zote za ndugu zimeandikwa kwa kalamu, lining'inie karibu na mlango.

MJADILI NYUMBANI

1. Telefoni ya baba au ya mama ikizimika leo usiku, ni vitu vingapi vitazimika pamoja nayo?

2. Mtoto akiugua saa nane ya usiku, nani anajua tochi iko wapi?

3. Kila mmoja aseme namba moja ya telefoni kwa kichwa. Asiyeweza, ndiye atakayeandika daftari!