Jina la Marehemu na Mahali pa Kuliweka: Kutoka Al-Hindawiyah hadi Mkunazini

Katika kanisa la parokia la Kiingereza, yaani kanisa la kijiji au la mtaa lililo chini ya kasisi mmoja na linalohudumia watu wote wa eneo lake, wafu wana nafasi ndani ya jengo kama walivyo nayo walio hai. Sakafu huwa imetandikwa mawe bapa yenye majina na miaka ya waliozikwa chini yake, kutani hupachikwa vibao vya shaba na vya marumaru, na katika makanisa ya kale zaidi huonekana sanamu za mawe za mabwana na wake zao waliolala chali, viganja vimekutanishwa kifuani kwa sala, mbwa au simba mdogo akiwa amejikunja nyayoni. Desturi ya kuzika ndani ya kanisa ilikoma kwa sehemu kubwa katikati ya karne ya 19 kwa sababu za afya ya umma, lakini ile ya kuandika majina haikukoma. Iliongezeka baada ya 1918, kwa kuwa serikali ya Uingereza ilikataza maiti za askari waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia zisirudishwe kwao, na vijiji vingi vikabaki na orodha za vijana ambao makaburi yao yako ng'ambo. Orodha hizo zikachongwa na kutundikwa kanisani, na jina likashika nafasi ya mwili usiokuwapo.

Mtaa wa Al-Hindawiyah ulioko Jeddah hauna kanisa, kwani Saudi Arabia haina makanisa ya umma, na misikiti ya mtaa huo haina sanamu wala kaburi. Hata hivyo, suala ambalo kanisa la parokia hulijibu kwa jiwe na shaba, yaani jina la marehemu liwekwe wapi ili lisipotee, limewakabili watu wa Jeddah pia, nao wamelijibu kwa namna inayoelekea kuwa kinyume chake. Al-Hindawiyah uko kusini mwa Balad, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2014, upande wa lango lililoitwa Bab Sharif kabla ya ukuta wa mji kubomolewa mwaka 1947. Jeddah ni bandari ya mahujaji, na mitaa yake ya kusini ilipokea kwa vizazi vingi watu wa Yemen, Hadhramaut, Sudan, Pembe ya Afrika na Afrika Magharibi, ambao baadhi yao walikuja kuhiji wasirudi. Ilikuwa mitaa ya watu ambao wazee wao walizikwa mbali, na ambao wao wenyewe walizikwa mbali na kwao.

Maziko ya huko ni ya haraka na ya kimya. Maiti huoshwa, huvikwa sanda na kusaliwa mara tu baada ya mojawapo ya sala za faradhi, mara nyingi siku ile ile ya kufariki, na familia zinazoweza huibeba hadi Msikiti Mtukufu wa Makka, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ili isaliwe na umati wa watu kutoka pembe zote za dunia. Hapo jina huanza kuachwa nyuma, kwa kuwa tangazo linalotolewa kabla ya sala hutaja tu kwamba aliyelazwa mbele ni mwanamume, mwanamke au mtoto, na maelfu humwombea mtu ambaye hawatamjua kamwe. Makaburini maiti huingizwa katika mwanandani, yaani uwazi uliochimbwa ubavuni mwa kaburi upande wa kibla, kisha udongo huinuliwa kadiri ya shubiri moja ili watu wasikanyage, na kichwani huwekwa jiwe lisilo na maandishi. Wanaoshika desturi hii huitegemeza kwenye Hadithi mbili: moja inayoagiza makaburi yaliyoinuliwa yasawazishwe, na nyingine inayoeleza jinsi Mtume alivyoweka jiwe kwenye kaburi la sahaba wake Uthman bin Madh'un ili apate kulitambua. Jiwe, kwa hiyo, linaruhusiwa kuonyesha mahali, lakini halikupewa kazi ya kusema.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Hijazi, yaani ukanda wa magharibi wenye Makka, Madina na Jeddah, ilikuwa hivyo tangu zamani. Jeddah yenyewe ilisifika kwa kaburi la Mama Hawa, mke wa Adamu, lililokuwa kaskazini mwa ukuta wa mji. Msafiri Ibn Jubayr wa Andalusia, aliyefika mwaka 1183, aliandika habari za kuba la kale lililosemekana kuwa mahali alipofikia Hawa akielekea Makka. Katika karne ya 19 wageni walionyeshwa kaburi lenye urefu wa ajabu, ambalo Mwingereza Richard Burton, aliyepita mwaka 1853, alilihesabu kwa hatua kiasi cha 200, na ambalo lilikuwa na kuba dogo juu ya mahali palipodhaniwa kuwa kitovu. Mahujaji walilizuru na kuomba dua. Baada ya majeshi ya Abdulaziz ibn Saud, mwanzilishi wa Saudi Arabia ya leo, kuingia Makka mwaka 1924 na Jeddah kusalimu amri mwishoni mwa 1925, mafundisho ya Najdi, yaani nyanda za kati za Arabia alikotoka, yanayohofia kwamba kaburi lililopambwa hugeuka kuwa mahali pa kuabudiwa, yakawa sheria ya nchi. Makuba ya Baqii, makaburi ya Madina walikozikwa jamaa na masahaba wa Mtume, yakavunjwa mwaka 1926, na mwaka 1928 likavunjwa kaburi la Mama Hawa kwa amri ya Faisal bin Abdulaziz, aliyekuwa naibu wa baba yake katika Hijazi. Eneo lile bado ni makaburi na bado linaitwa kwa jina la Mama Hawa. Kilichoondoka ni jengo tu.

Mwenye kudhani kwamba sheria hiyo ya makaburi iliwabana wanyonge peke yao hana budi kutazama Riyadh, mji mkuu. Katika makaburi ya Al-Oud wamezikwa Abdulaziz mwenyewe, aliyefariki mwaka 1953, na wanawe waliomrithi, akiwamo Fahd aliyefariki mwaka 2005 na Abdullah aliyefariki Januari 2015 na kuzikwa siku hiyo hiyo, kila mmoja chini ya udongo na mawe yasiyo na jina. Faisal, aliyeamuru kuvunjwa kwa kaburi la Jeddah, naye alizikwa hapo baada ya kuuawa Machi 1975. Katika jambo hili, walau, watawala walijipimia kipimo walichowapimia wengine, na ni watawala wachache duniani wanaoweza kusemewa hivyo.

Jina linapoondolewa kaburini halipotei. Huhamia kwenye vitu vinavyotumika. Msingi wake ni Hadithi inayojulikana kwa kila mtoto wa chuoni, kwamba amali za mwanadamu hukatika anapokufa isipokuwa kwa njia tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Sadaka inayoendelea, ambayo Waarabu huiita sadaka jariya, ndiyo iliyojaza mitaa ya Jeddah kumbukumbu za wafu ambazo mgeni huzipita bila kuzitambua. Iliyo dhahiri zaidi ni barada, yaani sanduku la chuma la kupozea maji lenye mabomba mawili au matatu, linalosimamishwa nje ya msikiti au kwenye ukuta wa nyumba ili mpita njia anywe bure katika joto linalozidi nyuzi 40 wakati wa kiangazi. Ubavuni mwake mara nyingi huandikwa kwamba maji hayo ni wakfu au sabili kwa ajili ya baba au mama fulani, na anayekunywa huombwa amtakie rehema. Neno sabili, ambalo maana yake ya asili ni njia na ambalo hutumika pia kwa maji yanayotolewa bure njiani, ndilo jina la mtaa uliopakana na Al-Hindawiyah, Al-Sabil. Ndani ya msikiti kumbukumbu huendelea katika misahafu iliyogongwa muhuri wa wakfu, katika mazulia, katika feni, na wakati mwingine katika jina la msikiti wenyewe, ambalo laweza kuwa la mzazi wa aliyeujenga.

Kibao cha shaba cha kanisani na maandishi ya ubavuni mwa barada vinafanana kwa jinsi vinavyomtaja marehemu na aliyemkumbuka, lakini kibao humtaka msomaji asimame na kusoma, ilhali barada humtaka anywe kwanza, na akisahau kusoma thawabu haipungui. Kwa sababu hiyo wako wanaokwenda mbali zaidi na kuandika tu kwamba mtoaji ni mtenda kheri, bila jina lolote, wakiamini kwamba anayepaswa kujua anajua.

Waswahili wamekaa kati ya desturi hizi mbili kwa muda mrefu. Ndani ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi yanayomtaja aliyeamuru kujengwa kwake na mwaka wa Hijria 500, sawa na 1107, kumbukumbu iliyotangulia makanisa mengi ya Uingereza. Huko Gedi kuna kaburi lenye tarehe ya Hijria 802, yaani 1399, na kutoka pwani ya kaskazini ya Kenya hadi Kunduchi na Kaole yamesimama makaburi ya minara, mengine yakiwa yamepachikwa sahani na bakuli za kauri za China ili cheo cha marehemu kionekane kwa mbali. Hata pasipo mnara, kaburi la pwani huwekewa mashahidi, yaani vijiti au mawe ya kichwani na miguuni, na wafiwa husoma hitima na kuadhimisha arubaini, mambo ambayo maulamaa wa Saudia huyakataa na ambayo Mswahili anayefia Jeddah hufanyiwa nyumbani kwao, si huko.

Na ni pwani hii hii iliyopokea kanisa la Kiingereza pamoja na kumbukumbu zake. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, Unguja, liliwekwa jiwe la msingi siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kukubali kufunga soko la watumwa lililokuwa mahali hapo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na kukiandikia Kiswahili vitabu vya sarufi, alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare, kama ambavyo angezikwa askofu wa kale Uingereza. Kutani kuna vibao vya mabaharia waliokufa wakizuia majahazi ya watumwa, na msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambapo moyo wa mmisionari na msafiri David Livingstone ulizikwa mwaka 1873, kabla ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba mwili wake hadi pwani ukazikwe Westminster Abbey. Kwa watumwa waliouzwa hapo, ambao ndio sababu ya kanisa kuwapo, kuna duara la marumaru sakafuni mbele ya altare, mahali panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia viboko, na nje kuna sanamu zenye minyororo zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Majina yao hayamo, kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Kanisa linalojua kuhifadhi majina kuliko nyumba yoyote ya ibada kisiwani limelazimika hapo kufanya kama makaburi ya Jeddah, kuonyesha mahali na kunyamaza.

Jeddah nayo ina kipande cha ardhi ambapo mawe husema: makaburi ya wasio Waislamu, yenye ukuta, yanayotunzwa na balozi ndogo za kigeni, ambamo amezikwa mtafiti Charles Huber aliyeuawa mwaka 1884. Ni mahali padogo, na wakazi wengi wa mji hawana sababu ya kuingia.

Mahali ambapo majina ya wafu wa Jeddah husomwa kwa wingi pako nje kabisa ya Jeddah. Familia nyingi za Saudia na za nchi jirani za Ghuba hutoa sadaka kwa ajili ya wazazi wao kupitia mashirika yanayochimba visima na kujenga misikiti Afrika Mashariki, na kazi inapokamilika hubandikwa kibao chenye jina la marehemu kwa Kiarabu, kikapigwa picha na kutumiwa watoto wake. Mama aliyelala chini ya jiwe tupu kwao huwa na jina lake kamili kwenye saruji ya kisima katika kijiji cha Kwale au Tanga, ambapo watoto wanaojifunza alifu na bee chuoni hulisoma herufi moja moja huku wakingoja ndoo zijae.