Kijana Yuko Nyumbani, Afanye Kazi Gani?

Katika vijiji vyetu wapo vijana wengi ambao hawasomi, hawana ajira, wala hawajifunzi ufundi wowote. Wengine walimaliza darasa la saba. Wengine walimaliza kidato cha nne, na matokeo yalipotoka wakaambiwa wameshindwa. Asubuhi wanalima na wazazi wao. Jioni wanakaa kijiweni. Mzazi anasema, "Kijana wangu ni mvivu." Kijana naye anasema, "Hakuna kazi."

Mimi ni bwana shamba. Sikusomea kazi ya kuwashauri vijana. Lakini ninapotembelea mashamba, wazazi huniuliza jambo hili kuliko wanavyoniuliza habari za mbolea. Basi leo tuache mbolea kidogo.

TAZAMA TENA MATOKEO

Kwanza, kijana wa kidato cha nne achukue matokeo yake ayasome upya. Wengi wakiona wamepata daraja la nne, huyaweka darini na kuyasahau. Hilo si jambo zuri. Katika mtihani wa kidato cha nne alama D ni ufaulu. Anayeshindwa somo ni yule aliyepata F. Hesabu D zako. Usihesabu somo la dini, kwa sababu vyuo vingi havilihesabu.

Ukiwa na D nne, mlango haujafungwa. Vipo vyuo vya serikali vinavyofundisha cheti cha kilimo, kwa mfano Ukiriguru, Ilonga na Uyole. Vipo vya mifugo, kama Tengeru na Mpwapwa. Vipo vya uvuvi, kama Nyegezi na Mbegani. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Kila chuo hutaja masomo kinayoyataka, na mara nyingi Baiolojia na Kemia zimo. Usikisie. Uliza chuoni, au mwombe mwalimu wa sekondari akusaidie kusoma tangazo.

Aliyekosa D hizo anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma jioni na kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akaendelea hadi mtihani wa kidato cha nne.

"NENDA UKALIME" HAITOSHI

Wazee wengi humwambia kijana, "Nenda ukalime." Mimi napenda kilimo, lakini namwuliza mzee: akalime shamba gani? Kijana anapalilia pamba ya baba. Pamba inauzwa, fedha anashika baba. Mwaka unakwisha, kijana hana hata shilingi ya kununulia shati. Huyo si mkulima. Huyo ni kibarua asiyelipwa. Akitorokea mjini tusishangae.

Mzazi, ukitaka mtoto wako awe mkulima, mkatie eneo. Hata nusu ekari inafaa kwa kuanzia, hasa ikiwa karibu na maji. Mwambie mbele ya mama yake na ndugu zake kwamba mavuno ya hapo ni yake. Kisha timiza ahadi. Nimewaona baba waliotoa shamba wakati wa kulima, wakalidai wakati wa kuvuna.

Kama nyumbani hakuna ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kuomba ardhi kwa Halmashauri ya Kijiji. Sheria haibagui mwanamume na mwanamke. Kweli, vijiji vingine havina tena ardhi ya kugawa. Lakini kijana aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuandika barua na kujibiwa.

NANI ATALIPA?

Sasa tuje kwenye ufundi. Vijana wengi huchagua kazi kwa kuangalia rafiki zao. Mmoja akinunua pikipiki, kumi wanataka pikipiki. Mwisho kijiwe kina bodaboda ishirini na abiria watano. Vivyo hivyo kwa cherehani. Mzazi anauza ng'ombe, binti anajifunza kushona, halafu anakuta kijiji tayari kina mafundi sita wanaogombea wateja wa sare za shule.

Kabla ya kuuza ng'ombe, kijana azunguke kijijini kwa wiki mbili na daftari. Aulize watu: ni kitu gani kikiharibika mnakipeleka mjini? Ni kazi gani mnamlipa mtu kutoka nje ya kijiji? Plau ikivunjika, nani anaichomelea? Pampu ya maji ikifa, nani anaitengeneza? Siku hizi umeme umefika karibu vijiji vyote, lakini katika vijiji vingi bado hakuna fundi wa kuchomelea, wala wa kufunga nyaya. Aulize pia watu wana fedha miezi gani. Mkulima wa pamba hana fedha Februari. Fundi asiyejua hivyo atakopesha wateja mpaka afilisike.

Nitatoa mfano mmoja ninaoupenda. Kila kaya ina kuku wa kienyeji. Kideri kikiingia, kuku wote wanaweza kufa kwa siku chache. Iko chanjo iitwayo I-2. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Watu wengi hawachanji kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi, na wao wana kuku kumi tu. Hapo ndipo kazi ilipo. Kijana afundishwe na bwana mifugo namna ya kuitunza dawa mahali pa baridi, na kwamba kuku mgonjwa hachanjwi. Kisha azunguke nyumba kwa nyumba.

Tuseme anahudumia kaya 60, kila kaya ina kuku 15. Hao ni kuku 900. Kila kuku akilipiwa shilingi 100, atapata shilingi 90,000. Atoe gharama ya dawa. Fedha hizo hazitoshi kuishi miezi mitatu, siwadanganyi. Lakini atajulikana kila nyumba. Kijana wa namna hiyo akiuza miche ya maembe iliyobebeshwa, au vifaranga, hahangaiki kutafuta wateja.

MAHALI PA KUJIFUNZA

Vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa aina nyingi: uashi, useremala, umeme, magari, kushona na mengineyo. Kozi nyingi za muda mrefu huanza Januari, kwa hiyo ulizia fomu mapema kabla mwaka haujaisha. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975. Viko zaidi ya 50 nchini, na vingi viko karibu na vijiji.

Binti aliyeacha shule kwa kupata mtoto asidhani mambo yake yamekwisha. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu wasichana hao kurudi shuleni. Baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi huwapokea pamoja na watoto wao wadogo. Bibi akikubali kulea mjukuu, mambo huwa rahisi zaidi.

Wengine watajifunza kwa fundi wa hapa hapa. Ni njia nzuri, lakini iwe na mapatano. Nimeona vijana waliokaa kwa fundi miaka miwili wakichota maji na kutumwa sigara. Mzazi na fundi waandike karatasi mbele ya mtendaji wa kijiji: atafundishwa kazi zipi, kwa muda gani, atakula wapi, na lini ataanza kupewa chochote. Baadaye, kijana akishaijua kazi, VETA wanaweza kumpima ujuzi wake na kumpa cheti, hata kama hakusoma chuoni.

MTAJI

Halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Hutolewa hasa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Msiunde kikundi cha watu msiofahamiana kwa ajili ya kupata fedha tu, maana mmoja akitoroka, deni hubaki kwa wengine. Aanzeni kazi kwanza, hata ndogo, na daftari la mapato na matumizi. Halafu mwendeeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Chukueni daftari hilo, katiba ya kikundi na vitambulisho vyenu. Nendeni asubuhi, kwa sababu mchana mara nyingi huwa vijijini.