Ngazi, Mipaka na Majina katika Hifadhidata ya Ukaguzi wa Tiba: Mfano wa Musoma, Bunda na Butiama

Katika Mkoa wa Mara jina la Kigera ni la mahali pawili. Pa kwanza ni kata ya Manispaa ya Musoma. Pa pili ni kijiji cha Kigera Etuma, kilichomo katika kata ya Nyakatende, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Wenyeji hawapati taabu yoyote, kwa kuwa mazungumzo yenyewe hubainisha ni Kigera ipi. Lakini karani aandikaye “Kigera, Musoma” katika fomu ya mgonjwa ameandika maneno yaliyo kweli kwa mahali pote pawili, na mashine isomayo fomu hiyo haina mazungumzo ya kuitegemea. Herufi moja ikikosewa, Kigera hugeuka Kagera, nalo ni jina la mkoa mwingine wa Kanda ya Ziwa.

Jambo hili lingekuwa dogo kama lisingegusa uhai wa watu. Ukaguzi wa tiba ni kuilinganisha huduma aliyopewa mgonjwa na kanuni iliyowekwa, ili kasoro ionekane na mhusika airekebishe. Nchini Tanzania aina mojawapo iliyotiliwa mkazo ni uchunguzi wa vifo vitokanavyo na uzazi na vifo vya watoto wachanga. Mama wa Kigera Etuma akifariki katika hospitali ya mkoa, wakaguzi huuliza kama alicheleweshwa nyumbani, njiani, katika zahanati au hospitalini penyewe. Kila jibu lina mwenyewe. Kifo hicho kikiandikwa chini ya Manispaa, halmashauri ipaswayo kujibu haitaulizwa, na ile iliyoulizwa itatafuta kasoro katika zahanati ambayo mama yule hakufika kamwe.

Chanzo cha tatizo kimo katika maneno kabla hakijafika katika hifadhidata (wengine hupendelea kanzidata, neno la kwanza lasifu utunzaji, la pili utajiri). Kituo cha afya, katika mpango wa Wizara, ni daraja maalumu lililo juu ya zahanati na chini ya hospitali ya halmashauri. Katika usemi wa kila siku, vituo vya afya ni mahali pote patolewapo tiba, zahanati na hospitali zikiwamo. Ndiyo maana maandishi ya serikali yamelazimika kuunda kirai kirefu, “kituo cha kutolea huduma za afya”, ili kuitaja jumla hiyo. Kirai hicho ni kizito kinywani, lakini bila ya hicho mtu aulizaye vituo vya afya vya Bunda ni vingapi aweza kupata hesabu mbili zilizo mbalimbali kabisa, nazo zote ni sahihi.

Vivyo hivyo kwa wilaya na halmashauri. Wilaya ni eneo la Mkuu wa Wilaya, mwakilishi wa serikali kuu. Halmashauri ni chombo cha serikali za mitaa, chenye bajeti yake, Mganga Mkuu wake na zahanati zake. Wilaya ya Musoma ina halmashauri mbili, ya Manispaa na ya Wilaya. Ya Bunda ina mbili, ya Mji na ya Wilaya. Ya Butiama ina moja tu. Mkoa mzima una wilaya 6 na halmashauri 9. Kwa hiyo jina la Halmashauri ya Wilaya ya Musoma lenyewe lapotosha, kwani halmashauri hiyo haiitawali wilaya nzima.

Neno ngazi nalo lina hatari ya namna nyingine. Ngazi ni chombo cha kupandia, vipandio vyake hufuatana, na apandaye hana njia ila hiyo moja. Asemaye “ngazi za huduma” huona mara moja zahanati, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, ambayo kwa watu wa Mara ni Bugando ya Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1971, na mwisho Muhimbili. Hiyo ni njia ya mgonjwa. Njia ya amri ni nyingine. Zahanati ya serikali huwajibika kwa halmashauri, na halmashauri kwa TAMISEMI. Hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo zamani ilikuwa chini ya utawala wa mkoa, sasa iko chini ya Wizara ya Afya. Tena kuna njia ya umiliki. Hospitali ya Shirati, iliyoanzishwa na Wamenonaiti katika miaka ya 1930, ni ya kanisa, ila imeteuliwa kufanya kazi ya hospitali ya halmashauri. Mgonjwa apelekwaye kutoka hospitali ya halmashauri hadi hospitali ya mkoa hupanda kipandio kimoja tu, kumbe amekwisha kuvuka kutoka mamlaka moja hadi nyingine, na hapo ndipo barua nyingi za ukaguzi hupotelea.

Programu ya DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo ibebayo takwimu za MTUHA tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Katika programu hiyo kila kizio kina mzazi mmoja tu. Mahusiano mengine hutiwa kando kwa njia ya makundi. Kwa taarifa za kila mwezi mpango huo watosha. Kwa ukaguzi hautoshi, kwa sababu kundi laweza kusema kwamba hospitali ni ya kanisa, lakini halisemi nani humpeleka mgonjwa kwa nani.

Wakati nao hauna mahali pake katika ngazi. Sensa ya 2002 iliihesabu Mara kwa maeneo 5, ya 2012 kwa 7, na ya 2022 kwa 9. Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, kilikuwa sehemu ya Musoma Vijijini. Katika sensa ya 2012 Butiama ilihesabiwa peke yake, watu 241,732, na Musoma Vijijini ikabaki na 178,356. Rorya ilitengwa na Tarime mwaka 2007, na Shirati, pasipo kusogea hata hatua moja, ikapata mzazi mpya. Kizio kikihamishwa katika mti wa DHIS2, historia yake yote huhama nacho. Basi kumbukumbu za kabla ya 2007 zikiingizwa humo, vifo vya Shirati vitatoweka katika hesabu ya Tarime, ilhali sensa ya 2002 yaendelea kuwahesabu watu wa Rorya kuwa wa Tarime. Kiwango kitakachopatikana kitapendeza, nacho kitakuwa cha uongo. Hata kanda si imara: uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2010 uliiweka Shinyanga katika Kanda ya Magharibi, na ule wa 2015–16 ukaiweka katika Kanda ya Ziwa.

Ramani, inayodhaniwa kuwa itaondoa utata huu, huleta wa kwake. Kwa miaka mingi ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Musoma zilikuwa mjini Musoma, nje ya eneo lake lenyewe. Mashine iulizwayo nukta ile imo katika mpaka gani itajibu Manispaa. Kinesi, katika Wilaya ya Rorya, yatazamana na mji wa Musoma ng’ambo ya ghuba. Kwa rula, hospitali ya Musoma iko karibu. Kwa njia ya barabara, hapana budi kuzunguka kwa daraja la Kirumi. Mkaguzi apimaye ucheleweshaji kwa mstari ulionyooka humlaumu mhudumu kwa kosa la maji.

Kinachohitajiwa ni jedwali la mahusiano kando ya orodha ya vituo: kila mstari utaje kizio, kizio kinachohusiana nacho, aina ya uhusiano, ikiwa ni ya amri, ya rufaa au ya umiliki, na tarehe za kuanza na kukoma. Mipaka ya ramani nayo iwe na tarehe, na umbali uandikwe kwa saa za safari. Jina libaki la kusomwa na watu, na mashine ifuate msimbo usiobadilika. Hapo Kigera ya mjini na Kigera Etuma zitakuwa na misimbo miwili, na karani ataulizwa halmashauri na kata kabla hajaruhusiwa kuandika Kigera.