Swichi ikiruka kila ukiwasha birika, usibishane nayo

Ni asubuhi, unachelewa kazi, na unawasha birika la stima upate chai ya haraka. Tap! Keja yote kimya. Friji imenyamaza, Wi-Fi imeenda. Unaenda kwa boksi la stima, unainua swichi, unarudi kuwasha tena. Tap!

Wengi wetu hapo tunaanza kutukana swichi. Lakini ndani ya hiyo nyumba, swichi ndiyo inafanya kazi yake vizuri. Inakuambia kitu, na namna inavyoruka ndiyo lugha yake.

Ikiruka baada ya dakika kadhaa ukiwa umewasha vitu vingi, huo mara nyingi ni mzigo. Stima yetu ni volti 240. Chukua wati zilizoandikwa chini ya kifaa, gawa kwa 240, utapata ampia. Birika la wati 2,200 linavuta kama ampia 9. Koili ya wati 2,000 inavuta 8 na kitu, na pasi ya wati 2,000 vivyo hivyo. Jumla ni karibu ampia 26. Kama swichi yako ni ya 20, lazima itachoka. Na hata swichi ikivumilia, ekstensheni nyingi ni za ampia 13 tu. Birika na koili kwa ekstensheni moja ni kuomba moto. Dawa ni rahisi: washa kimoja, kikimaliza washa kingine.

Ikiruka papo hapo kwa kishindo, pengine na cheche au harufu ya plastiki kuungua, hiyo ni shoti. Waya zimegusana ndani ya plagi, kwa kebo au ndani ya kifaa chenyewe. Hapo usijaribu mara ya pili. Chomoa, weka kando.

Halafu kuna ile swichi pana yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo haijali mzigo, inatafuta stima inayovuja. Ya nyumbani kwa kawaida huruka uvujaji ukifika miliampia 30, kiasi kidogo sana lakini kinachoweza kuua mtu. Birika likizeeka, chuma kinachochemsha maji hupata ufa, unyevu unaingia, na stima inaanza kupita hadi kwenye bodi. Wakati mwingine huvuja tu likishapata joto, kwa hivyo swichi inaruka baada ya dakika moja au mbili hata kama hujawasha kitu kingine.

Sasa mtafute mkosaji. Kausha mikono kwanza. Zima soketi zote na uchomoe kila kitu, hata chaja na friji. Inua swichi. Ikiruka bila kitu chochote kuchomekwa, shida iko kwa waya za nyumba. Ikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukiwasha kila kimoja na kusubiri kidogo. Kitakachoiangusha ndicho chako. Usikirudishe tena kwa soketi.

Kagua ukiwa umekichomoa: plagi imeyeyuka? Kebo imechubuka? Kitako cha birika kimeingia maji? Kama ni maji tu, kiache kikauke kabisa, siku nzima hivi. Kikiangusha swichi tena, hicho ni cha fundi au cha kutupwa. Fundi anayejua kazi atapima kati ya pini kubwa ya plagi, ile ya ardhi, na zile mbili ndogo. Stima haifai kupata njia hapo.

Hapa ndipo watu huumizwa. Fundi wa haraka anakuambia, "Huu waya wa kijani na njano ndio unasumbua, wacha niukate." Ni kweli swichi itaacha kuruka. Lakini birika bado linavuja, na sasa njia ya stima kwenda ardhini ni mwili wa atakayeligusa. Kwa ploti nyingi ile swichi ya T haipo kabisa, kwa hivyo hakuna cha kumwokoa. Anaweza kuwa wewe, rumeti, ama mtoto wa jirani aliyekuja kuomba maji moto.

Kuna pia ujanja wa kuweka swichi kubwa zaidi, ama kufunga foili mahali pa fyuzi. Swichi iliwekwa kulinda waya zilizo ukutani. Ukiipandisha kutoka 20 hadi 40 na waya ni zile zile, waya ndizo zitaanza kupata moto, na ukuta haukuonyeshi.

Hayo majaribio yanakusaidia pia kujua nani anatoa pesa. Birika ni lako. Lakini swichi ikiruka bila kitu kwa soketi, hiyo ni ya landilodi, na una haki ya kumwambia hivyo. Mwambie alete fundi mwenye leseni ya EPRA, na leseni uione kwa macho.

Kama una ile swichi ya T, ibonyeze leo jioni. Ikiruka, inafanya kazi, iinue uendelee. Isiporuka, ita fundi kabla ya kuweka chai.