Wanaosomea Nyumbani na Jezi ya Shule ya Umma

Tim Tebow alifundishwa nyumbani na mama yake, lakini jezi aliyovaa ilikuwa ya Nease, sekondari ya umma huko Florida. Aliiongoza hadi ubingwa wa jimbo mwaka 2005, na mwaka 2007, akiwa Chuo Kikuu cha Florida, akatwaa Tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani vyuoni. Sheria iliyomruhusu ilipitishwa Florida mwaka 1996. Miswada ya namna hiyo katika majimbo mengine imezoeleka kuitwa kwa jina lake. Virginia, Gavana Terry McAuliffe aliikataa miaka mitatu mfululizo, 2015 hadi 2017.

Kwa nini mzazi asiyetaka darasa la shule autake uwanja wake? Kwa sababu Ulaya kijana mwenye kipaji hulelewa na klabu, ilhali Marekani, hasa kwenye futiboli, mlezi ni sekondari. Huko ndiko makocha wa vyuo vikuu wanakotafuta vijana wa kuwapa ufadhili wa masomo.

Wazazi hawa husema: tunalipa kodi, basi mtoto wetu acheze. Hoja hii inapendeza masikioni lakini ni nyepesi. Hata asiye na mtoto hulipa kodi hiyo. Tena sehemu kubwa ya fedha za shule hugawiwa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa, na huyu hayumo kwenye hesabu. Mahakama Kuu ya West Virginia, mwaka 2005, iliizingatia hoja hiyo ya fedha ilipomkatalia mtoto aliyetaka kucheza mieleka, ikasema pia kwamba michezo ya shule si haki ya msingi.

Kwangu mimi, uzito wa suala uko kwenye alama. Tangu mwaka 1984 Texas ina kanuni kali: mwanafunzi akipata chini ya 70 katika somo, hukaa nje ya timu kwa muda. Kanuni hiyo huwashika vijana wengi vitabuni kuliko mawaidha yoyote. Sasa kama mwenzake anasahihishwa na mama yake mezani, nani atathibitisha kwamba wamepimwa kwa mizani moja? Simtuhumu mzazi yeyote kwa udanganyifu. Lakini hakuna mzazi anayepaswa kuwa mwamuzi wa mechi ya mwanawe.

Texas yenyewe ilipowafungulia mlango mwaka 2021, ikiziachia wilaya ziamue, iliweka masharti mawili ninayoyaunga mkono. Kwanza, mtoto afanye mtihani unaotambulika kitaifa na aonyeshe kiwango cha darasa lake. Pili, aliyeandikishwa shule ya umma na kuondoka katikati ya mwaka asiichezee hadi mwaka huo uishe. Sharti la pili ni la busara sana: linaziba njia ya kijana anayefeli hisabati Oktoba, kisha ghafla anakuwa mwanafunzi wa nyumbani ili asikose mechi za Novemba.

Ndiyo, kuna mwanafunzi wa darasani atakayepoteza nafasi kwa mgeni aliye bora kuliko yeye. Lakini nafasi hiyohiyo angeipoteza kwa jirani aliyehamia mtaani juzi, na hakuna anayelipinga hilo.

Kwa hiyo nasema waruhusiwe, mtihani usimamiwe na mtu asiye mzazi, tena kila mwaka, na jimbo liilipe shule gharama ya kila mchezaji wa aina hii: bima, usafiri, vifaa na posho ya kocha.