Ushuru wa kilomita: nani alipie barabara ya Kobero hadi Gitega?

Lori la mizigo likitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Gitega huvuka mpaka wa Kabanga na Kobero, hupita Muyinga, kisha hushika njia ya kusini kupitia Karuzi. Katika safari hiyo barabara hulipiwa kwa namna mbili. Ya kwanza imefichwa ndani ya bei ya mafuta, na dereva haioni. Ya pili ni ushuru wa magari ya kigeni, ambao huhesabiwa kwa kilomita na kulipwa kwa dola.

Wafanyabiashara wengi huzijumlisha zote mbili na kuziita "gharama za njiani", kisha wanaziweka katika bei ya bidhaa. Lakini namna hizi mbili hazifanani, na kwa nchi isiyo na bandari kama Burundi tofauti yake ni kubwa. Tozo ya mafuta humfaidi mwenye nchi ambako tangi limejazwa. Ushuru wa kilomita humfaidi mwenye barabara iliyokanyagwa. Makala hii inaeleza jinsi kila moja inavyofanya kazi, na kwa nini jambo hili linamhusu hata muuza duka wa Gitega ambaye hajawahi kumiliki lori.

Tozo ndani ya lita

Katika Afrika Mashariki, fedha nyingi za kutunza barabara hutoka kwenye pampu ya mafuta. Kenya ilitunga sheria ya tozo hiyo mwaka 1993, na Julai 2024 iliipandisha kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 za Kenya kwa kila lita. Tanzania nayo ina mfuko wake wa barabara, na katika bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa lita, zikilenga zaidi barabara za vijijini na mijini. Burundi ina mfuko wa taifa wa barabara, unaojulikana zaidi kwa jina lake la Kifaransa, Fonds Routier National.

Utaratibu huu una faida zake. Ni rahisi kukusanya, kwa sababu serikali inawadai waagizaji wachache wa mafuta badala ya kuwafuata maelfu ya madereva. Aidha, anayetembea sana hulipa zaidi, na lori linalokunywa mafuta mengi hulipa zaidi kuliko pikipiki. Kwa teksi ya Gitega au pikipiki ya Muyinga, njia hii ni ya haki kiasi cha kutosha, kwani chombo hicho hujaza mafuta mle mle kinamofanyia kazi.

Tatizo linaanza pale gari linapojaza mafuta nchi moja na kuharibu barabara ya nchi nyingine.

Hesabu ya tangi

Hebu tufanye hesabu nyepesi. Tuseme lori lenye shehena linakunywa lita 45 za dizeli, au mazuti kama wasemavyo madereva wengi wa Burundi na Kongo, kwa kila kilomita 100. Tuseme pia kwamba matangi yake yanabeba lita 800. Lori hilo likijaza matangi mkoani Kagera kabla ya mpaka, lina uwezo wa kwenda zaidi ya kilomita 1,700. Linaweza kuingia Kobero, kufika Gitega, kushusha mzigo na kurudi Tanzania bila kununua hata lita moja ndani ya Burundi.

Barabara ya Muyinga, Karuzi hadi Gitega imebeba uzito wote wa lori hilo, kwenda na kurudi. Lakini tozo ya mafuta yake imebaki Tanzania. Dereva hajavunja sheria yoyote, kwani amenunua mafuta mahali alipoyapata kwa urahisi.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi Burundi ilipokumbwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Kati ya 2022 na 2025 foleni ndefu kwenye vituo zilikuwa jambo la kawaida, na watu wengi walitafuta mafuta ng'ambo ya mpaka, Tanzania na Kongo, mengine yakiingia kwa madumu kimagendo. Kila lita iliyonunuliwa ng'ambo ilichangia mfuko wa barabara wa jirani. Na kila lita ambayo haikuingia kabisa ilikuwa pengo katika fedha za matengenezo. Mfuko unaotegemea pampu hukauka pampu inapokauka, ilhali mvua za masika haziachi kuchimba mashimo.

Kilomita zinavyohesabiwa mpakani

Ndiyo maana ushuru wa kilomita ulibuniwa. COMESA, jumuiya ambayo Burundi ni mwanachama, iliweka viwango vya pamoja tangu mwaka 1991: dola 10 za Marekani kwa kila kilomita 100 kwa lori lenye ekseli zaidi ya 3, dola 6 kwa lori lenye ekseli 3 au pungufu, na dola 5 kwa basi la abiria zaidi ya 25.

Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo haikubanwa na viwango hivyo. Kwa miaka mingi magari ya kigeni ilikuwa ikiyatoza dola 16 kwa kila kilomita 100 kwa lori lenye ekseli zaidi ya 3, na dola 6 kwa lililo na ekseli 3 au pungufu. Kwa hiyo katika njia hii moja ya Dar es Salaam hadi Gitega kulikuwa na mizani miwili ya hesabu.

Tuchukue kilomita 1,250 kuwa ndiyo safari ndani ya Tanzania, ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kiwango hicho cha dola 16, lori kubwa lenye namba za Burundi lingedaiwa dola 200. Kama limebeba tani 25, hiyo ni dola 8 kwa tani, au senti 40 za dola kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Kwa kiwango cha COMESA, umbali huo huo ungekuwa dola 125, sawa na senti 25 kwa mfuko. Ndiyo njia ambayo ushuru wa mpakani unafika hadi kwenye rafu ya duka la Gitega: mwenye lori huulipa kwanza, kisha anauweka kwenye nauli ya mzigo, na mwenye mzigo anauweka kwenye bei.

Kupima kilomita hapa hakuhitaji mitambo mikubwa. Hati za forodha zinaonyesha gari limeingia wapi na linakwenda wapi, na umbali wa kila njia unajulikana. Anayeishia Muyinga ana kilomita chache, anayekwenda Gitega ana zaidi. Vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye shehena ili kuifuatilia njiani vinaweza pia kuonyesha kama gari lilifuata njia iliyoandikwa.

Ushuru ukiacha kufuata kilomita

Mwaka 2013 eneo hili lilipata somo. Tanzania ilipandisha ushuru wa malori ya Rwanda kutoka takriban dola 200 hadi dola 500. Kuanzia Septemba mwaka huo Rwanda ikajibu kwa kuyatoza malori ya Tanzania dola 500 badala ya dola 152.

Tazama umbali. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo inazidi kilomita 1,200, wakati kutoka Rusumo hadi Kigali ni chini ya kilomita 200. Kiasi ni kile kile, barabara hazilingani hata kidogo. Hapo ushuru ulikuwa umeacha kuwa malipo ya barabara na kugeuka kuwa jibu la jirani kwa jirani. Waliobeba mzigo huo ni wasafirishaji na wateja wao wa pande zote mbili.

Faida kubwa ya kilomita ni kwamba zinaweza kuhakikiwa. Dereva akiambiwa alipe dola 10 kwa kilomita 100, anaweza kupiga hesabu mwenyewe na kuuliza. Akiambiwa dola 500 tu, hana cha kuhesabu.

Kilomita peke yake hazitoshi

Barabara huharibiwa na uzito wa kila ekseli kuliko wingi wa magari. Majaribio makubwa yaliyofanywa jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yaliwapa wahandisi kanuni inayotumika hadi leo: uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa maneno mepesi, ukiongeza uzito mara mbili, uharibifu huongezeka kama mara 16.

Kwa hiyo ekseli inayobeba tani 12 badala ya tani 10 huharibu lami zaidi ya mara mbili. Lakini lori hilo halinywi mafuta mara mbili, wala halitembei kilomita mara mbili. Tozo ya mafuta haimkamati ipasavyo aliyezidisha mzigo, na kilomita tupu hazimkamati pia. Anayemkamata ni mzani. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ni mwanachama wake tangu 2007, imeweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wote wa gari na mzigo. Ushuru wa kilomita unaofuata idadi ya ekseli, pamoja na mizani inayofanya kazi bila upendeleo, ndiyo jozi inayolinda barabara.

Wengine wanafanyaje?

New Zealand imekuwa ikitoza kwa kilomita tangu 1978. Magari ya dizeli huko hayalipi tozo ya barabara kwenye pampu. Mwenye gari hununua leseni ya kilomita 1,000 au zaidi kabla ya kuzitembea, na kiwango hufuata uzito na ekseli. Tangu Aprili 2024 magari ya umeme nayo yanalipa, kwa sababu hayanunui mafuta kabisa.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Burundi ni Uswisi: nchi ndogo, ya milima, isiyo na bahari, inayopitiwa na malori ya majirani. Tangu Januari 2001 inatoza malori yenye uzito unaozidi tani 3.5 kwa kilomita, uzito na moshi. Lori la kigeni lililojaza mafuta Italia au Ujerumani hulipia kila kilomita ya Uswisi sawa na lori la Uswisi. Ujerumani ilifuata Januari 2005, ikianza na malori ya tani 12 na zaidi.

Katika Uswisi na Ujerumani ushuru huo ulianza na magari makubwa. Kufunga kifaa kwenye kila pikipiki au gari dogo kungegharimu zaidi ya fedha ambazo zingepatikana.

Njia inayofaa kwa Burundi

Kwa maoni yetu, hakuna haja ya kuchagua moja na kuacha nyingine. Magari madogo yabaki kwenye pampu. Malori makubwa ya masafa marefu, ya ndani na ya nje, yatozwe kwa kilomita na ekseli. Yale ya ndani yanayolipa kwa kilomita yapunguziwe tozo ya mafuta, la sivyo mwenye lori atalipia barabara ile ile mara mbili, na muuza duka wa Gitega ndiye atakayemalizia deni.

Uzito wa suala hili umeongezeka. Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya nchi tangu 2019. Muyinga, ambayo kwa mpangilio mpya wa mikoa wa 2025 iko mkoa wa Buhumuza, imeendelea kuwa mlango wa mizigo ya Tanzania. Malori yataendelea kupita, mafuta yawepo au yasiwepo.

Sharti moja haliepukiki: fedha zilizotozwa kwa jina la barabara zifike barabarani. Dereva hulalamika kidogo kuhusu dola 12 za kilomita 120 kama njia ni nzuri, kwa sababu springi moja iliyovunjika au tairi moja iliyopasuka humgharimu zaidi ya hapo. Hulalamika sana akilipa na kukuta shimo lile lile la mwaka jana. Kutangaza hadharani kiasi kilichokusanywa Kobero na kilomita zilizotengenezwa kungeondoa nusu ya manung'uniko.

Kwa wasafirishaji, mambo manne ya kuzingatia kabla ya safari:

- Uliza kiwango kwa kilomita 100 na umbali uliotumika katika hesabu, kisha piga hesabu mwenyewe.
- Hakikisha idadi ya ekseli iliyoandikwa kwenye hati ni ile ya gari lako, kwani ekseli 3 na ekseli 4 ziko madaraja tofauti.
- Uliza kama malipo yanahusu kwenda tu, au kwenda na kurudi.
- Dai risiti na uitunze hadi mwisho wa safari. Bila risiti, malipo yako hayatambuliki kwenye kituo kinachofuata, wala hakuna uhakika kwamba yamefika kwenye mfuko wa barabara.