Maji ya kumwogesha mtoto

Nyumbani kwangu Tanga, anayemwogesha mtoto hutangulia kumimina maji baridi kwenye beseni, ndipo anaongeza ya moto, anakoroga mpaka chini na kupima kwa kiwiko. Ukianza na ya moto, mtoto hutumbukia ukiwa umegeuka kuchota ya baridi. Maji ya nyuzi 60 huunguza kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu.

Akiungua, mmwagilie maji ya bomba kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Dawa ya meno na mayai, jamani, hapana!

Ndoo nayo usiiache na maji. Anayetambaa huweza kuzama kwenye sentimeta 5 tu. Na ukiwa unamwogesha, simu ikilia sebuleni, iache ilie.